Dera Jipya Kila Siku

Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025. Jua halikuonekana tangu alfajiri. Hewa ilikuwa nzito, kuta zilitoa jasho, na baada ya adhuhuri ikashuka mvua ya kumwagika.

Bimdogo aliipangusa sakafu kwanza, ndipo akaenda kumwamsha mtoto. Sakafu za Guangzhou, majira haya, huwa kama zimemwagiwa maji ya sabuni, na Kauthar akiteleza asubuhi basi siku nzima hashiki kitu. Alipiga magoti kwa awamu, goti moja kisha jingine, akiegemea ukingo wa kitanda, na alipomaliza alikaa hapohapo chini kidogo, si kwa sababu yoyote ila kuinuka kulikuwa kazi nyingine.

Kisha akachukua pindo la kanga yake, lile lenye fundo, akaliweka kwenye kiganja cha mtoto aliyelala.

Vidole vilijikunja. Vililibinyabinya fundo, vikalizungusha, na uso wa Kauthar ukatulia kabla hata hajaamka sawasawa. Ndivyo walivyoamkiana kila siku tangu wafike China, miezi minane sasa. Kauthar alikuwa na miaka saba na alizaliwa hivyo, haoni wala hasikii. Kwake fundo lile lilimaanisha Bi, na Bi alimaanisha kwamba kumekucha na mambo yataendelea kama jana.

Mambo mengine nayo yalikuwa na alama zake. Kipande cha taulo kikiwekwa mkononi, ni kuoga. Kijiko cha mti, ni chakula. Bimdogo alikuwa amemfundisha pia ishara za vidole, moja baada ya moja, mkono wake juu ya mkono wa mtoto: kula, basi, tena. Hiyo ya tena, ya kugonganisha ncha za vidole, ilimchukua tangu mwezi wa Novemba hadi karibu na Ramadhani. Wiki zilipita mtoto akivuta mikono yake na kulala kifudifudi, na Bimdogo akikaa pembeni, akingoja hasira ipite, huku akijiuliza kwa nini mtu wa umri wake hayuko kwao Makunduchi ameketi kibarazani akichambua mchele.

Alikuwa mwalimu wa watoto viziwi kule Unguja kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwalimu wa kawaida tu, wa kuwahi asubuhi na kufuta ubao mwenyewe. Watoto wawili watatu katika miaka yote hiyo waliletwa wakiwa hawaoni pia, na wengine wakawakwepa, yeye hakuwakwepa, kwa hiyo akaonekana fundi wa jambo hilo. Magoti yalipoanza kumsumbua akaomba kustaafu mapema. Ndipo Shamsia, mama yake Kauthar, akampigia simu kutoka China. Alikuwa na mtoto, alisema, analelewa na bibi yake kule Kwahani, Unguja, siku zote yuko mkekani anajitikisa. Anataka kumleta akae naye, ila yeye kutwa yuko sokoni. Je, Mwalimu atakubali kuja?

Mwalimu alikubali. Alidhani ni kwa mwaka mmoja na kwamba kuna lifti.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya tano ya ngazi, kwenye kichochoro nyuma ya mtaa wa Dengfeng. Ukifungua dirisha unasikia Kiswahili, Kifaransa na Kichina vikigombea bei ya mzigo uleule.

Asubuhi ile, Bimdogo alipokuwa akimlisha mtoto uji, mlango wa chumba cha pili ulifunguliwa na Shamsia akatoka amevaa dera jipya la satini, la rangi ya machungwa, lebo ingali inaning'inia kwapani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alinunua madera Shahe, kwenye soko la jumla, akayavaa mwenyewe, akapigwa picha na kuzituma kwa wateja wa Dar, Mombasa na Unguja. Wateja walimpenda kwa sababu dera waliliona kwa mtu mwenye mwili, si kwa mwanasesere wa plastiki. Alitoka nyumbani na dera moja akarudi na jingine, na kucha za kubandika alizibadili kufuatana na rangi ya mzigo.

Mlangoni alikuwa akingoja Dullah, jamaa wa kusafirisha mizigo, kijana mnene mwenye maneno mengi, aliyempiga picha hizo kila siku na kumbebea mafurushi.

"Ngoja nimuage," Shamsia alimwambia.

Alichutama, akamkumbatia Kauthar. Mtoto akakakamaa kama ubao. Shamsia akazidi kumvuta, akambusu shavuni, na hapo Kauthar akanyoosha mikono yote miwili akamsukuma, kucha zikampata mama yake shingoni. Kijiko kikaanguka.

Dullah, kwa kutaka kuituliza hali, alitikisa shada la funguo zake za ghala na kuligusisha kwenye mkono wa mtoto. Kauthar alilishika, akalipapasa, akacheka kile kicheko chake cha puani.

Shamsia alisimama akishika shingo. "Funguo za Dullah zinajulikana," alisema. "Mie niliyemzaa sijulikani."

"Na mie hata paka sijazaa," alisema Dullah.

"Nyamaza, Dullah."

"Nimenyamaza."

Shamsia akachukua utepe wake wa kupimia kutoka msumari wa mlangoni, akautia shingoni juu ya ule mkwaruzo. Alimtazama Bimdogo, si kwa ubaya, ila kama mtu anayemalizia hesabu. "Alhamisi si mbali, Mwalimu. Umeanza kufunga mizigo?"

"Leo nafunga."

Wakashuka ngazi.

Jambo lenyewe lilikuwa limeamuliwa Jumapili. Kauthar atarudishwa kwa bibi yake Kwahani, na Bimdogo ndiye atakayempeleka, Alhamisi, kisha aende zake kwao. Shamsia alilisema bila machozi, akikunja nguo. Alisema amejaribu. Alisema mtoto akimkataa mtu miezi minane basi amekataa, na kwamba kila jioni anapanda ngazi zile akiwa amechoka na moyo unamdunda kama anakwenda kudaiwa, kwa sababu anajua atasukumwa. "Heri nimpende kwa simu," alisema.

Bimdogo hakubisha. Alijua vizuri Kauthar anarudi kwenye nini. Bibi alikuwa mtu mwema, atamlisha na kumwogesha, lakini alishasema wazi kwamba mambo ya kushikanashikana vidole yeye hayawezi, na mtoto atarudi kwenye ule mkeka na kujitikisa, na baada ya muda ishara zile tatu zitakufa kama mche usiotiwa maji. Alilijua hilo. Lakini alipolala usiku wa Jumapili alisikia ndani yake kitu ambacho hakukipenda, nacho kilikuwa nafuu. Hakuna ngazi tena. Hakuna kupapasa na kungoja. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Basi kutwa ile alifunga mizigo. Gauni za mtoto, viatu vyake vya mpira, kijiko cha mti. Kauthar alikaa kando ya begi na kila kilichotiwa ndani alikitoa, akakipapasa, akakirudisha. Alifika kwenye kile kipande cha taulo na akakataa kukiachia, maana hakuwa ameogeshwa bado. Ikabidi Bimdogo asimame, akamwogeshe.

Mvua ilishuka wakati huo, kwa kishindo, kichochoro chote kikageuka mfereji. Haikupita muda mrefu mlango ukafunguliwa na Shamsia akaingia peke yake, maji yakimtiririka. Halikuwa tena dera la machungwa. Hili lilikuwa la buluu, na rangi ilikuwa inachuja, imemshukia miguuni hadi kwenye visigino.

"Na huyu laoban aliniapia," alisema, akimaanisha mama mwenye duka aliyemuuzia. "Ananiambia haichuji. Nimerudi kutafuta risiti nikamtoe roho." Meno yalikuwa yanamgongana. Alivua utepe, akauangika msumarini.

"Roho utaitoa ya kwako kwanza, kwa baridi hii," alisema Bimdogo. Kanga yake ya pili, pacha na ile aliyoivaa, ilikuwa juu ya kiti, kavu. Zote mbili alizifunga fundo pindoni, ili kubadili nguo kusimpoteze mtoto. Alimvua Shamsia lile dera pale pale mlangoni kama mtoto wa chekechea, akamvisha kanga, akamkalisha mkekani, akaenda kupasha chai.

Kwa hiyo alikuwa amesimama jikoni, sufuria mkononi, alipoona.

Kauthar alikuwa akitambaa kutoka upande wa begi. Mkono wake ulikuta upindo wa kanga sakafuni. Ukaufuata mpaka kwenye fundo. Ukalibinya. Kisha mtoto akajisogeza bila haraka, akapanda, akalaza kichwa chake kwenye paja la mama yake na kuvuta pumzi.

Shamsia aliiweka mikono yake juu hewani, kama mtu anayeogopa kumwamsha ndege, kisha polepole akaushusha mmoja na kuuweka juu ya mkono wa mtoto.

Vidole vya Kauthar viliupokea mkono ule. Vikakutana na kucha ndefu za kubandika, zenye vijiwe. Vikasimama. Vikarudi kwenye fundo, vikalikuta lipo. Vikarudi kwenye kucha. Mara ya tatu mtoto akainuka, akarudi nyuma kwa makalio hadi ukutani, akaanza kulia na kujipiga kichwani kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya siku za mwanzo.

Bimdogo aliweka sufuria, akaja, akamtia fundo lake mkononi na kumshikilia mpaka kilio kikapungua.

"Umeona," alisema Shamsia. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Kanga yako anaitaka. Mie nikiwa ndani yake, hanitaki. Sasa niambie nimemkosea nini."

Bimdogo alikuwa anatazama fundo, na kucha, na lile rundo la buluu mlangoni lililokuwa likitoa maji yenye rangi.

"Jana ulivaa nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Jana. Ulirudi umevaa nini?"

"Mwalimu, mie nalia, wewe waniuliza nguo."

"Nijibu, mwanangu."

Shamsia alifuta pua. "La chifoni. La maua."

"Juzi?"

"Juzi sikumbuki. Zimo kwenye simu." Aliifungua, akamkabidhi kwa hasira kidogo.

Bimdogo alipitisha picha kwa kidole. Shamsia wa hariri, Shamsia wa pamba, Shamsia wa shanga kifuani, wa manyoya mikononi, wa nywele za bandia mpaka kiunoni, wa kilemba. Kucha za mraba, kucha za ncha. Alizidi kupitisha na picha hazikwisha.

"Na manukato?"

"Sampuli. Kila mwenye duka ananipulizia yake. Kwani kuna nini?"

"Kuna kwamba mtoto huyu hajakutana nawe mara mbili."

Shamsia aliichukua tena simu yake.

"Kila jioni anakuja mwanamke," alisema Bimdogo, polepole, maana naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. "Ana nguo ngeni, inanuka kiwanda. Ana mikono migeni. Anamkamata, anambana, anambusu, anaondoka. Kesho anakuja mwingine. Na wewe ungesukuma. Na leo amekuja mwingine, tena amevaa kanga ya Bi. Hilo limemtisha zaidi."

"Lakini mie ni mama yake."

"Ndivyo nilivyosema na mie. Nilipokuja nikampa kila mtu alama. Mimi fundo. Dullah akapewa funguo, Dullah, mtu wa kubeba mafurushi. Nikakuruka wewe. Nikasema mama hana haja, damu itamwambia." Akaketi kwa kujiachia, mgongo ukutani, karibu na mtoto. "Damu haina mapindo ya kushika, Shamsia."

Mvua iliendelea. Jirani wa chini alikuwa akisukuma maji kwa ufagio, na kila msukumo ulisikika.

"Sasa?" alisema Shamsia.

"Sasa tafuta kitu chako. Kitu usichokibadili."

Shamsia alifikiri, na kadiri alivyofikiri uso ulimshuka. Pete aliziuza alipoanza biashara. Bangili alikuwa nazo za kila rangi, za sampuli. Viatu ndiyo usiseme. Alitazama chumba chake, akatazama mikono yake, mpaka akafika kwenye mlango.

"Ule utepe," alisema. "Huo nimetoka nao nyumbani, tangu nilipokuwa nashona. Za kwao siziamini, zina inchi za wizi. Lakini nyumbani siuvai. Kazi inaishia mlangoni."

"Ndiyo maana hajaujua. Ulete."

Ulikuwa utepe wa zamani, laini kwa kushikwa, namba zimefutika nusu yake, ncha moja ina bati lililochongoka kidogo kwenye kona. Kabla ya yote Bimdogo alimtaka aondoe zile kucha. Shamsia alizilowesha kwenye bakuli la maji ya moto na kuzing'oa moja moja, akikunja uso, na kilichobaki kilikuwa vidole vifupi vya mshonaji, kimoja na kovu la sindano. Akavaa fulana yake ya kulalia, utepe shingoni.

"Usimshike," alisema Bimdogo. "Kaa tu. Mwache bati alikute mwenyewe."

Walikaa. Chai ilipoa. Kauthar alikuwa ameshatulia na anachezea kamba ya begi, na utepe ulikuwa umelazwa sakafuni hadi karibu na goti lake. Alipougusa aliurusha. Baadaye akaugusa tena. Akalikuta bati, akaliweka kwenye midomo, akaligonga kwenye meno. Lilimpendeza, aliligonga tena na tena. Kisha akavuta, na utepe ukakaza, na akajua, kama anavyojua mtu yeyote aliyeshika kamba, kwamba upande wa pili kuna kitu.

Akaufuata mkono kwa mkono. Alifika kwenye goti la Shamsia, akapanda, akafika kifuani, akafika shingoni, akagusa ule mkwaruzo wa asubuhi na kuupita. Shamsia machozi yalimshuka na hakuyafuta. Mtoto akayakuta mashavuni, akaonja kidole chake, akarudi zake kwenye bati.

Hakulaza kichwa pajani. Hakucheka. Baada ya muda alitambaa akarudi kwenye kamba ya begi.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza Shamsia.

"Hajakusukuma."

Shamsia alifikiri juu ya hilo. "Hajanisukuma," alisema.

Walipokuwa wanakusanya vikombe, Bimdogo aliona mtoto ameinua mikono kutoka begini na kuigeuza upande ulikotoka utepe, haelekezi kwa yeyote, na kugonganisha ncha za vidole. Ilikuwa ile ishara iliyomgharimu tangu Novemba. Alimgusa Shamsia begani. "Anasema tena. Mpelekee bati."

Wakarudia, na baada ya chakula wakarudia mara nyingine. Mara hiyo ya mwisho Bimdogo aliuchukua mkono wa mtoto ukiwa bado umeshika utepe, akautengeneza ishara ya mama, akaugusisha kwa Shamsia, kisha akamfundisha Shamsia mwenyewe kuifanya. Shamsia alikosea, vidole vyake vilikuwa na haraka ya sokoni. "Taratibu," Bimdogo alimwambia. "Hapa hapana anayekimbilia kontena."

Jioni Dullah alipopita kuulizia begi za Alhamisi, Shamsia alimwambia azungumze na wakala wa tiketi azisogeze hadi mwisho wa mwezi. Hakusema afute. Dullah alimtazama mikono isiyo na kucha, akatazama utepe.

Kisha akakohoa. "Na wateja? Kesho mzigo mpya unafunguliwa. Wanangoja picha."

"Kesho namwogesha mwanangu mwenyewe," alisema Shamsia. "Kesho na keshokutwa. Nitavaa hii fulana mpaka anijue."

"Sawa. Madera atavaa nani? Nivae mie?"

Shamsia alikuwa amegeuka na anamtazama Bimdogo kuanzia mabegani hadi miguuni, kwa jicho la kupima.

"Usinitazame hivyo," alisema Bimdogo.

"Mwalimu, saizi yako ndiyo inayotoka."

"Nimesema usinitazame."

"Watu wazima ndio wanunuzi," alisema Dullah. "Bi mkubwa mwenye mwili wake, wallahi tutamaliza mzigo mapema."

Bimdogo alifikiria Makunduchi, na kibaraza, na mchele. Aliyafikiria vizuri, kama mtu anayekunja nguo na kuirudisha sandukuni. Akamwambia Dullah akanyamaze nje.

Asubuhi ya Jumatano mvua ilikuwa imekatika. Bimdogo aliivua kanga yake, akaiacha juu ya kiti, fundo likining'inia, akaazima baibui la Shamsia na kushuka ghorofa zote tano akijishikilia. Huko nyuma alisikia maji ya bafuni yakifunguliwa. Saa tatu alikuwa amesimama mbele ya duka moja Shahe, katikati ya mafurushi, amevaa dera la chui lenye pindo la dhahabu, na Dullah amemwelekezea simu.

"Cheka kidogo, Bi mkubwa."

"Piga picha, Dullah."

Dullah akapiga. Mama mwenye duka akamwinulia dole gumba. Bimdogo akaingia nyuma ya pazia, akaegemea nguzo kidogo kupumzisha magoti, akavaa linalofuata.